Unga Usio wa Keki

Bi Zuwena, fungua boneti mwenyewe
uone nilichokuwa sikuoneshi.
Hapa, ubavuni mwa kondensa, mabomba mawili yanapokutana:
nati imeota unga.
Si ile sukari unayopepeta juu ya keki zako,
ingawa rangi ni hiyo hiyo.
Ni alumini inayoliwa na chumvi,
chumvi ya Wete, inayopanda kutoka bandarini
bila hodi, ikaingia hata ndani ya redio.

Mara ya kwanza ulikuja Mfunguo Mosi.
Ukasema, "Humu hamupoi."
Nikajaza gesi, nikapokea elfu sitini,
ukenda zako na baridi usoni.
Mfunguo Pili ukarudi.
Nikajaza tena. Sitini tena.
Na nilisikia, usidhani sikusikia:
sss, pale kwenye nati,
kama mtu anayemnyamazisha mtoto wa watu.
Nikapandisha sauti ya redio.

Juzi keki ya ghorofa tatu ikaondoka Limbani imesimama,
ikafika Konde imekaa kitako.
Mawaridi yameteremka mpaka kwenye jina la bwana harusi,
kwa Massoud likabaki "Mas".
Bibi harusi alicheka, umenambia.
Mama yake hakucheka.
Na wewe hukunigombeza.
Bora ungenigombeza.

Mbarouk, lete brashi. Si ya waya, we mtoto!
Waya hukwaruza,
na mkwaruzo kwa gesi ni barabara ya lami.
Gesi tumeshaivutia mtungini. Sasa nje kwanza,
safisha nje kabla nati haijalegea,
maana uchafu ukiona mlango wazi
haumuulizi mwenye nyumba.
Spana mbili: moja ishike, moja izungushe.
Ukitia moja tu, bomba litajinyonga
kama kanga inayokamuliwa.

Haya, tazama pete yake ya mpira.
Ilizaliwa duara. Sasa imelala bapa upande mmoja,
ngumu kama kokwa ya tende.
Itoe kwa kijiti, bisibisi iache.
Kijiti hiki nimekichonga kwenye mpini wa mwiko;
mke wangu hadi leo anautafuta.

Nafuta. Kitambaa cheupe, spiriti kidogo,
nageuza upande, nafuta tena,
mpaka kitambaa kitoke kama kilivyoingia.
Unga na kuunga, Bi Zuwena, vinafanana kwa herufi tu:
penye unga hapaungiki.

Pete mpya, ya kijani.
Naipaka mafuta ya kompresa kwa ncha ya kidole
unavyopaka wewe siagi kwenye trei.
Nati naianza kwa mkono.
Mkono unajua ikienda mshazari,
spana haijui, ina nguvu tu.

Sasa pampu ivute.
Nusu saa, kisha tunazima,
tunakaa kwenye ndoo zilizofudikizwa
tukiitazama sindano ya geji.
Zile mara mbili sikuitazama.
Alasiri imeadhiniwa, tumeswali kwa zamu,
sindano iko pale pale.
Tukatia gesi.
Mbarouk akapaka povu la sabuni kwenye kiungo,
akainama, akaweka na sikio.
Povu limetulia. Halina la kusema.

Leo hulipi.
Na laki na ishirini hii hapa, hesabu.

Umehesabu. Ukanirudishia elfu kumi:
"Ya pete."
Ukasema kesho asubuhi kuna keki ya Micheweni,
ghorofa nne,
na kwamba nitakaa kiti cha nyuma,
nimeipakata mimi mwenyewe
mpaka tufike.

Nimeuliza kama nije na koti.
Hukunijibu.
Umetia gari moto, umepandisha vioo vyote vinne,
na kupitia kioo, Bi Zuwena,
nimeuona ushungi wako ukipepea.